Kabla hatujasema "chanzo ni kupasuka kwa tairi": upepo, umri na mzigo

#1 Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, habari za jioni.

Kila ajali kubwa inapotokea katika barabara zetu, taarifa ya kwanza huwa na sentensi ambayo sote tumeizoea: basi lilipasuka tairi la mbele, dereva akashindwa kulimudu, likaacha njia na kupinduka. Baada ya hapo mtu husema kwamba ajali haina kinga, watu wanatoa pole, na mjadala unafungwa. Mimi ni fundi wa matairi kwa mwaka wa 22 sasa, sehemu kubwa nikiwa Mafinga, kando ya barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma. Nimefungua matairi mengi yaliyopasuka, na sentensi ile hunikera kwa sababu inaishia mahali ambapo swali lilipaswa kuanza. Limepasuka kwa nini?

Nichukue tairi moja. Familia moja ilikuwa ikitoka Mbeya kwenda msibani Morogoro, watu wanane ndani ya Noah pamoja na mizigo yao, na tairi la nyuma kushoto likawapasukia kilomita chache kabla ya kufika kwetu. Mungu aliwasaidia, dereva hakukanyaga breki kwa pupa, gari likasimama pembeni likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Waliponiletea tairi lile, kwa nje lilikuwa na kashata (vibonge vya mpira vinavyokanyaga barabara) nzuri tu, na yule baba aliniuliza kwa uchungu wa kweli inakuwaje tairi zima kiasi kile lipasuke. Niliingiza mkono ndani, nikautoa ukiwa umejaa unga mweusi wa mpira, laini kama masizi ya sufuria. Nilipomulika tochi, ukuta wa tairi kwa ndani ulikuwa na mkunjo uliozunguka tairi lote, kama alama inayobaki kwenye pindo la suruali lililokaa limekunjwa kwa muda mrefu.

Unga ule hautokani na kupasuka. Unatokana na siku nyingi za tairi kutembea likiwa na upepo pungufu, ambapo ukuta hukunjwa na kukunjuliwa kila gurudumu linapozunguka. Tairi la saizi ya Noah, 195/65 R15, huzunguka takribani mara 500 katika kilomita moja, kwa hiyo kutoka Mbeya mpaka Mafinga ukuta ule ulikunjwa zaidi ya mara laki moja. Kila mkunjo huzalisha joto, joto hulegeza gundi inayoshika mpira na nyuzi zilizomo ndani, na siku moja tabaka zinaachana. Nilipima matairi matatu yaliyobaki nikakuta psi 21, 19 na 22 (psi na kPa ni vipimo vya presha ya upepo), tena yakiwa bado yana joto la safari, wakati kibandiko cha kiwandani kwenye nguzo ya mlango wa dereva kilisema kPa 230, yaani kama psi 33. Tairi lile halikupasuka ghafla. Lilikuwa linakufa tangu lilipoondoka nyumbani, na pengine tangu mwezi mmoja kabla.

Hapa ndipo penye kiini cha uzi huu. Tairi zima lisilo na tundu lolote hupoteza upepo kidogo kidogo, takribani psi moja kwa mwezi, na tairi la kisasa lina ukuta mgumu kiasi kwamba macho hayawezi kuona tofauti ya psi 33 na psi 24. Mguu wako unaoupiga kwenye tairi hauwezi. Fundi mzoefu kama mimi, nikilitazama tu, siwezi. Kinachoweza ni geji, yaani kifaa cha kupimia upepo, na geji ya mfukoni bei yake ni ndogo kuliko ya tairi la mtumba.

Kipimo lazima kichukuliwe tairi likiwa limepoa, asubuhi kabla gari halijatembea. Namba iliyoko kwenye kibandiko cha mlangoni imewekwa kwa ajili ya tairi la baridi. Likishatembea, upepo wa ndani hupata joto na presha hupanda, na kupanda huko watengenezaji wamekuhesabu tayari. Naomba nieleze kosa langu mwenyewe, kwa sababu naona linarudiwa kila siku katika vibanda vya upepo. Katika mwaka wangu wa tatu kazini, dereva wa lori dogo aliingia saa nane mchana akitokea Makambako na matairi ya moto. Nilipima, nikakuta presha imezidi maelekezo, nikatoa upepo mpaka namba ikalingana, nikaona nimefanya kazi ya makini. Yalipopoa usiku yakabaki pungufu, yeye akaondoka nayo alfajiri akiwa na shehena kamili, na tairi la mbele likapasuka kabla hajafika Iringa. Aliumia mguu. Wiki kadhaa baadaye alikuja kunieleza, hakunilaumu, alitaka tu kujua. Nikajua ni mimi. Tangu siku hiyo sijatoa upepo kwenye tairi la moto, na kijana yeyote ninayemfundisha kazi hilo ndilo la kwanza analolisikia.

Upande wa pili wa kosa hilo ni wale wanaosoma namba iliyoandikwa ukutani mwa tairi, MAX PRESS psi 44 au psi 51, wakadhani hiyo ndiyo presha ya gari lao. Hiyo ni presha ya juu kabisa ambayo tairi lile linaruhusiwa kujazwa, na haijui limefungwa kwenye gari gani. Tairi lililojazwa kupita kiasi hukanyaga barabara kwa kifua chake cha katikati pekee, hushika lami kidogo, na likiingia kwenye shimo huumia vibaya.

Sasa umri. Hili ndilo linalodharauliwa kuliko yote kwa sababu halionekani. Tarehe 10 Septemba 2012 nchini Uingereza, basi lililokuwa likirudisha vijana nyumbani kutoka kwenye tamasha la muziki katika Kisiwa cha Wight lilipasuka tairi la mbele karibu na Hindhead, likaacha njia na kugonga mti. Watu watatu walifariki, dereva akiwa mmoja wao. Tairi lile lilikuwa na kashata za kutosha na lilikidhi sheria ya wakati huo, lakini lilikuwa na umri wa miaka 19, kubwa kuliko basi lenyewe. Mama wa mmoja wa marehemu, Frances Molloy, alipigania jambo hili kwa miaka, na kuanzia tarehe 1 Februari 2021 nchi hiyo ilipiga marufuku matairi yenye umri wa zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli (mhimili unaoshika magurudumu) za mbele za malori na mabasi, na kwenye magurudumu yote yasiyo pacha, yaani yasiyofungwa mawili mawili pamoja, ya mabasi madogo ya abiria 9 hadi 16. Huko jua ni la kubahatisha. Kwetu tairi hukaa juani mchana kutwa, dukani na barabarani, na mpira hukauka na kupasukapasuka kwa nyufa ndogo ambazo huzioni mpaka uinamishe kichwa.

Nafungua mjadala. Mwenye swali la gari lake aulize, na mwenye uzoefu unaopingana na nilichosema aulete bila kusita.

#2 Dereva wa Hiace, Tanga

Mkuu, shukrani kwa uzi huu. Mimi nabeba abiria, na tajiri yangu amenunua matairi manne ambayo saizi yake inaingia kwenye rimu bila shida yoyote, lakini kondakta wangu ananiambia kuwa ni ya gari ndogo. Nilipomuuliza tajiri alisema tairi ni tairi, mradi linaingia. Naomba ufafanuzi nitakaoweza kumwonyesha, kwa sababu neno langu peke yake halitoshi.

#3 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Tanga, kondakta wako ana macho mazuri, na umshukuru.

Mwambie tajiri asome namba iliyoko baada ya saizi. Kwenye tairi la gari dogo ataona kitu kama 91H au 95T. Namba hiyo ni uzito ambao tairi moja linaruhusiwa kubeba: 91 ni kilo 615, na 95 ni kilo 690. Herufi ni ukomo wa mwendo. Kwenye tairi la asili la Hiace, lile la 195/80 R15, ataona 107/105 pamoja na herufi LT (alama ya matairi ya magari mepesi ya mizigo), na 107/105 maana yake ni kilo 975 kila moja yanapofungwa moja moja, na kilo 925 yanapofungwa pacha. Tofauti ya 690 na 975 ni kilo 285 kwa kila gurudumu. Uzito huo hauondoki kwa sababu tairi jembamba limefungwa. Gari likijaa abiria, na abiria wa mwisho wakakaa nyuma ya ekseli pamoja na magunia yao, matairi ya nyuma ndiyo yanayobeba, na yale ya gari dogo hayakuundwa kwa kazi hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Uzito ulioandikwa kwenye tairi unapatikana tu likiwa na presha yake. Tairi la LT linahitaji presha kubwa zaidi kuliko la gari dogo, na ukilijaza psi 32 kwa mazoea ya Corolla, umenunua tairi la kilo 975 na kulifanya libebe kama lisilo na thamani hiyo. Fungua mlango wa dereva, usome kibandiko, ujaze kwa namba ile ile.

Kama ni lazima kuzungumza na tajiri kwa lugha ya fedha, mwambie tairi lililozidiwa halimalizi miezi.

#4 Mmiliki wa IST, Dar es Salaam

Kaka, habari. Mimi si fundi, ni mama wa watoto wawili ninayewapeleka shule kila asubuhi kutoka Kimara. Nataka kubadilisha matairi, na fedha niliyonayo inatosha matairi ya mtumba pale Kariakoo. Muuzaji ananiambia kuwa ni matairi ya Japani, yametembea kidogo, kashata zimejaa. Kweli nimeyaona, kashata zimejaa na yanang'aa. Je, ninunue?

#5 Mwanzisha uzi

Dada yangu, kung'aa ni dawa inayopakwa asubuhi. Usiangalie kung'aa.

Tafuta kwenye ukuta wa tairi maandishi yanayoanza na DOT, kisha uende mpaka mwisho wake, ambako kuna kidirisha chenye tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Maandishi hayo kamili mara nyingi huwa upande mmoja tu, kwa hiyo muuzaji akikuonyesha upande usio na tarakimu, mwombe aligeuze. Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000 na wala usiulize bei. Michelin, kwa mfano, wanashauri tairi likishatimiza miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka 10 tangu kutengenezwa liondolewe hata kama linaonekana zima, spea ikiwamo. Hiyo ni hesabu ya watu wa nchi za baridi. Mimi kwa jua la Dar es Salaam nisingemfungia mama mwenye watoto tairi la zaidi ya miaka 6.

Sasa hilo la kashata kujaa. Matairi mengi yanayotoka Japani yakiwa na kashata nene ni matairi ya theluji. Utayatambua kwa neno STUDLESS ukutani, na kwa kashata zilizojaa vijimstari vingi vyembamba vya kupindapinda, kama mtu aliyepitisha wembe. Mpira wake ni laini kwa makusudi ili ushike barafu. Kwenye lami ya moto ya hapa kwetu mpira huo hulegea, gari huyumba kwenye kona na breki huchelewa. Nimeyaona yakija hata yakiwa yamefungwa kwenye magari yaliyonunuliwa kutoka huko, na mwenye gari anatembea nayo miaka miwili akijivunia kwamba bado yana kashata.

Mwisho, mwombe muuzaji akuonyeshe ndani. Ukiona unga mweusi, mkunjo unaozunguka ukuta, au kiraka karibu na ukuta, liache. Pitisha kiganja kwa nje kwenye ukuta wote. Ukigusa nundu hata ndogo kama punje ya hindi, nyuzi za ndani zimekatika na hakuna fundi anayeweza kulitibu.

Kama bajeti inakubana, ni heri matairi mawili mapya ya bei ya kawaida yenye alama ya ubora kuliko manne ya mtumba usiyoyajua historia yake.

#6 Dereva wa lori, njia ya Tunduma

Nimesoma kwa makini, na ninaheshimu kazi ya fundi, lakini nadhani ametupa madereva na matajiri lawama kubwa kuliko tunavyostahili. Barabara zina mashimo, kuna vyuma na mawe yanayoachwa na wanaoharibikiwa, na jua la Chalinze mpaka Morogoro kila mtu analijua. Halafu sisi hukagua matairi. Utingo wangu hugonga tairi zote kwa chuma kila tunaposimama, na lililoishiwa upepo hujulikana kwa mlio wake.

#7 Mwanzisha uzi

Mzee wangu, shikamoo. Nakubali kuhusu mashimo na vyuma, na sijasema kila tairi lililopasuka lilikuwa na mwenye makosa. Jiwe lenye ncha kali likipenya ukuta wa tairi, hakuna geji ingelizuia. Ila joto la Chalinze ninalitazama kwa namna nyingine: lami ya moto humalizia kazi iliyokwisha kuanzwa na upepo pungufu.

Kuhusu kugonga kwa chuma, naomba ufanye jaribio moja, kwako halitachukua dakika ishirini. Chukua tairi la nje upande wa nyuma linalotakiwa kuwa na psi 120. Mwambie utingo aligonge na asikilize. Toa upepo mpaka psi 90, agonge tena. Nimewafanyia vijana wangu jaribio hili mara nyingi na hakuna aliyewahi kutofautisha kwa uhakika. Chuma kinakuambia tairi lililokwisha kabisa. Hakikuambii lililopungua robo, na katika kazi za malori kanuni ni kwamba tairi lililotembea likiwa chini ya asilimia 80 ya presha yake huhesabiwa kuwa limetembea tupu, na halipaswi kujazwa tena kabla ya kufunguliwa na kukaguliwa ndani. Asilimia 80 ya 120 ni 96. Kwa hiyo tairi la psi 90 ambalo chuma kimelipitisha, kwa kanuni hiyo ni tairi la kushushwa.

Pacha ndizo zenye hatari ya kujificha zaidi. La ndani likipungua, la nje linabeba mzigo wa wawili bila kulalamika, na kwa nje kila kitu kinaonekana sawa. Kisha la nje linapasuka, na utasikia dereva anaapa kuwa lilikuwa jipya. Kweli lilikuwa jipya. Aliyeliua ni mwenzake wa ndani. Weka vali ndefu ili geji ifike la ndani bila kufungua gurudumu. Watu hawalipimi kwa sababu mkono haufiki, si kwa sababu hawajali.

Na kwa kuwa tumegusa kujaza, nakuomba kitu kimoja kwa niaba ya mafundi. Rimu za zamani zenye pete, msimruhusu kijana yeyote azijaze upepo akiwa ameinama juu yake. Pete ikiruka inaua papo hapo. Ijazwe ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu, mtu akiwa amesimama pembeni.

#8 Mwalimu wa fizikia, Iringa

Nina swali la kitaaluma. Mafinga iko juu, karibu mita 1,900, na asubuhi ni baridi kali. Mtu akijaza matairi huko kisha akashuka mpaka Dar es Salaam, presha itapanda kwa sababu ya joto, au itashuka kwa sababu hewa ya pwani ina mgandamizo mkubwa zaidi kwa nje?

#9 Mwanzisha uzi

Mwalimu, swali hili huulizwa na wachache na nashukuru umelileta. Yote mawili hutokea. Geji hupima tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje, na hewa ya nje pwani inazidi ya Mafinga kwa karibu psi 3, kwa hiyo kushuka peke yake kunapunguza namba. Wakati huo huo tairi la gari dogo huongeza kama psi moja na nusu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, na asubuhi ya Dar es Salaam inaizidi ya Mafinga kwa nyuzi 15 hivi au zaidi. Mambo hayo mawili hukaribia kufutana. Ndiyo maana sishauri mtu afanye hesabu kichwani. Alale, aamke, apime pale alipolala.

#10 Mchangiaji, Dodoma

Naomba kuuliza kuhusu naitrojeni. Kuna mahali wanatoza kwa kila tairi na wanasema inazuia kupasuka.

#11 Mwanzisha uzi

Hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78. Ile ya kulipia ni kavu na hupungua polepole zaidi, basi. Haizuii kupasuka kwa tairi lenye presha isiyo sahihi, na mtu aliyejaza naitrojeni kisha akaacha kupima kwa miezi sita amejiweka pabaya kuliko anayejaza upepo wa kibandani na kupima kila baada ya wiki mbili.

#12 Mmiliki wa IST, Dar es Salaam

Kaka, nimerudi. Nimekwenda na kusoma tarakimu kama ulivyonielekeza. Matairi mawili yalikuwa 4013, moja 0815, na la nne tarakimu zake zilikuwa zimekwanguliwa. Nimeondoka bila kununua. Swali langu la leo ni jingine: likinipasukia nikiwa na watoto, nifanye nini? Sijawahi kufundishwa hili, hata nilipokuwa najifunza kuendesha.

#13 Mwanzisha uzi

Umefanya vema sana. Tarakimu zilizokwanguliwa zimejibu swali lako zenyewe.

Likipasuka utasikia mlio mkubwa, na gari litavuta kuelekea upande wa tairi hilo kama limepasuka la mbele, au litayumbisha mkia kama ni la nyuma. Shika usukani kwa mikono yote miwili kwa nguvu, na ulielekeze gari mbele, kwenye njia yako. Usikanyage breki. Najua mguu utakimbilia huko wenyewe, na hiyo ndiyo sababu tunazungumza leo ukiwa umekaa nyumbani. Breki ya ghafla huhamishia uzito mbele na kulivuta gari upande wa gurudumu lililokufa, na hapo ndipo linapozunguka au kupinduka. Achia mafuta taratibu, liache gari lipunguze mwendo lenyewe, na likishafika mwendo mdogo ndipo ulisogeze pembeni polepole. Usijali rimu. Rimu inanunulika.

Na mwendo wenyewe una hesabu yake. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa lina nishati ya mwendo inayozidi ya kilomita 80 kwa zaidi ya nusu, ingawa macho yanaona ongezeko la robo tu. Yote niliyoeleza hapo juu yanawezekana kwenye 80 kuliko kwenye 100, na kwenye 120 sidhani kama kuna mikono inayotosha.

#14 Mchangiaji, Nairobi

Salamu kutoka Kenya. Nakumbuka kisa cha Marekani cha mwaka 2000, ambapo Firestone waliyaita matairi yapatayo milioni 6.5 yarudishwe, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer, na mamlaka ya usalama barabarani ya huko ikahusisha vifo 271 na matairi hayo. Je, kile hakikuwa kosa la kiwanda? Kwa nini tumwambie mwananchi apime upepo?

#15 Mwanzisha uzi

Ndugu wa Nairobi, kisa hicho kinafaa hasa. Kweli matairi yale yalikuwa na kasoro, kashata ziliachana na mwili wa tairi. Lakini tazama mahali yalipoachana zaidi: majimbo ya joto kama Arizona, Texas na Florida, kwenye magari yaliyopakia, yakienda kasi. Na mvutano mkubwa kati ya kampuni hizo mbili ulihusu presha, kwa sababu Ford walikuwa wamependekeza psi 26 kwa gari lile, ambayo inaacha nafasi ndogo sana kabla ya kufika kwenye hatari. Tairi dhaifu, upepo mdogo, mzigo na joto. Vikikutana vinne, tabaka zinaachana.

Wamarekani hawakuishia kulaumu kiwanda. Walitunga sheria mwaka huo huo, na kutokana nayo kila gari dogo jipya linalouzwa huko tangu Septemba 2007 lazima liwe na kifaa cha kumwashia dereva taa upepo ukipungua. Magari mengi tunayotembelea sisi hayana taa hiyo. Geji ndiyo taa yetu.

#16 Dereva wa Hiace, Tanga

Mkuu, narudi na majibu. Leo asubuhi kabla ya kutoka stendi nilimwonyesha tajiri namba tulizozungumza, kwenye tairi lenyewe, kwa tochi ya simu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha tukaitoa spea, ambayo sijawahi kuitazama tangu nikabidhiwe gari, na mwisho wa DOT ni 1109. Mpira umepasukapasuka kote. Tajiri amekubali kununua matairi mawili ya LT leo na mawili mwisho wa mwezi, na gari halitapakia mpaka haya mawili yafungwe. Tuyafunge mbele, si ndiyo? Kila fundi hapa anasema mapya hukaa mbele.

#17 Mwanzisha uzi

Mpe tajiri wako mkono kwa niaba yangu.

Yafungeni nyuma. Najua mafundi wengi watakubishia, na mimi nilikuwa mmoja wao. Tairi dhaifu likiwa mbele likateleza, utausikia usukani umekuwa mwepesi na ukipunguza mafuta gari linarudi mikononi mwako. Dhaifu likiwa nyuma, mkia unaondoka bila kukuonya, hasa kwenye mvua, na madereva wengi hawawezi kuurudisha. Kwa Hiace kuna sababu ya pili: uzito wa abiria uko nyuma, na hayo mawili ya LT ndiyo yenye uwezo wa kuubeba.

Kwa kuwa mbele yatabaki yale ya gari dogo mpaka mwisho wa mwezi, msijaze abiria kupita viti, punguzeni mwendo, na msiende safari ndefu. Haya mawili ya mbele yapimeni kila asubuhi, si kila wiki. Spea ile ya 2009 msimwachie mtu aichukue kwa ajili ya gari jingine. Ikateni ukuta kwa msumeno kabla hamjaitupa, kwa sababu nimewahi kulikuta tairi nililolikataa mwenyewe likiwa limefungwa kwenye ekseli ya mbele ya gari la abiria wiki mbili baadaye.